Usikubali mawazo ya kesho yakuibie kazi ya leo

Je, msomaji mpendwa, ulipotoka nyumbani asubuhi ya leo uliufunga mlango? Wengi wetu hujiuliza swali hilo tukiwa tayari tumeketi ndani ya matatu. Wengine hushuka na kurudi mbio kuhakikisha, na kuukuta mlango umefungwa barabara. Mkono ndio ulioufunga, lakini mwenye mkono hakuwapo. Tayari alikuwa ofisini, akijibizana na msimamizi wake juu ya hesabu ambazo hazijakamilika.

Huo ni usahaulifu mdogo usio na madhara. Hata hivyo, tabia inayouzaa, yaani kuwa hapa kwa mwili na kwingine kwa mawazo, si ndogo hata kidogo. Katika chumba changu cha kutibia wagonjwa huiona kila siku ikija kwa majina mengine: kuumwa na kichwa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, na uchovu usioisha hata baada ya likizo. Leo tuizungumzie tabia hii, jinsi inavyodhuru afya na kuharibu kazi, na hatua ambazo mfanyakazi yeyote wa mjini anaweza kuchukua bila kutumia hata shilingi moja.

Maumivu ya Jumapili jioni

Miaka kadhaa iliyopita alinijia karani mmoja wa hesabu, mwanamume wa miaka 38. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alilalamika kwamba kifua kilikuwa kikimbana. Nilipomuuliza maumivu hayo huanza lini, alifikiri kidogo kisha akanijibu, "Daktari, huanza Jumapili jioni. Watoto wakianza kung'arisha viatu vya shule, nami kifua huanza kunibana."

Nilimpima moyo kwa mashine, kwani maumivu ya kifua hayafai kudhaniwa kuwa ni mawazo tu kabla ya moyo wenyewe kuchunguzwa. Moyo ulikuwa salama. Shinikizo la damu lilikuwa 158 kwa 96. La mtu mzima mwenye afya huwa karibu na 120 kwa 80, na likidumu kwenye 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, basi huo ni ugonjwa unaohitaji kutibiwa.

Taratibu alinieleza kisa chake. Miezi sita kabla ya hapo alikuwa amekosea tarakimu moja katika hati ya malipo, akapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo barua ile haikumtoka kichwani. Jicho lilikuwa kwenye karatasi iliyo mbele yake, lakini akili ilikuwa kwenye kikao cha nidhamu ambacho hakuna aliyekuwa amekiitisha. Matokeo yake ni kwamba alikosea tena, mara mbili, na woga ukazidi. Jumapili akiwa na watoto wake, kimawazo alikuwa kazini. Jumatatu akiwa kazini, alikuwa akijuta kwamba hakucheza na watoto. Siku zote mbili zilimpita.

Huenda wewe si karani wala hujawahi kupewa barua ya onyo. Lakini jiulize: ni mara ngapi umemaliza chakula bila kujua kilikuwa na ladha gani? Ni mara ngapi umetoka mkutanoni ukalazimika kumnong'oneza mwenzako akueleze kilichoamuliwa?

Nusu ya siku hatupo

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Science. Waliwashirikisha watu wazima 2,250, wengi wao Wamarekani. Simu zao za mkononi ziliwauliza, katika nyakati ambazo hawakuzitarajia, maswali mepesi: Unafanya nini sasa hivi? Je, unawaza jambo jingine? Una furaha kiasi gani?

Ilibainika kwamba kwa asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa, watu hao walikuwa wakiwaza jambo tofauti na walilokuwa wakilitenda. Aidha, walikuwa na furaha kidogo zaidi mawazo yalipotangatanga kuliko yalipotulia kwenye shughuli iliyo mbele yao. Hali ilikuwa hivyo hata shughuli yenyewe ilipokuwa haiwapendezi. Jambo la kushangaza ni kwamba hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi ya wale waliotulia kwenye kazi yao.

Fikiria maana ya jambo hilo, msomaji. Wengi wetu huamini kwamba kazi yetu ndiyo inayotunyima raha, na kwamba kuiwaza likizo au kazi nyingine kutatupunguzia uzito. Kumbe huenda kule kukimbia kwa mawazo ndiko kunakotuchosha.

Nyati asiyeondoka

Tuangalie sasa yanayotokea mwilini. Ubongo unapohisi hatari, tezi ndogo zilizo juu ya figo humimina adrenalini na kotisoli kwenye damu. Moyo hupiga kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Huu ni mpango mzuri sana ukikutana na nyati njiani. Utakimbia, utapanda mti, nyati ataondoka, na baada ya muda mwili utatulia.

Shida ni kwamba mwili humwitikia nyati aliye mbele yako na barua ya kufutwa kazi unayoiwaza tu kwa namna moja. Tena nyati huondoka, lakini wazo hukaa. Linapanda nawe matatu, linakula nawe chakula cha jioni, linalala nawe kitandani. Mwili unaoishi miezi na miaka katika hali ya kukimbia huchakaa. Usingizi hupungua, misuli ya shingo hukaza, mwenye pombe huongeza pombe na mwenye sigara huongeza sigara.

Saa nyingi za kazi huongezea uzito huo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba watu 745,000 walifariki mwaka 2016 kutokana na kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Walinganishwapo na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, watu hao wana hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kiharusi kwa takriban asilimia 35.

Hapa ni lazima nisahihishe jambo moja. Wagonjwa wengi huniambia, "Daktari, mawazo yamenitia vidonda vya tumbo." La hasha. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za kutuliza maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni. Wasiwasi huweza kuyazidisha maumivu, lakini hautibu wala hauui bakteria. Usikae nyumbani ukijilaumu kwa kuwaza sana, ilhali unahitaji kupimwa na kupewa dawa.

Mshika mbili moja humponyoka

Wapo watakaosema kwamba furaha ni jambo la anasa, wao wanataka kufaulu kazini. Basi na wasikilize. Akili haiwezi kufanya kazi mbili zinazohitaji fikra kwa wakati mmoja. Inachofanya ni kuruka kutoka hii hadi ile, na kila kuruka kuna gharama yake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja na kuingia nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya fikra zake hubaki nyuma, na kazi ya pili hufanywa kwa akili iliyopungua. Wahenga hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Walisema mshika mbili moja humponyoka.

Nami sisemi haya kama mtu asiyehusika. Kuna mwaka ambao nilikuwa nikilipa mkopo ulionielemea. Alasiri moja alinijia mama aliyekuwa na maambukizi ya koo. Nilimchunguza vizuri, nikamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akaniambia kwamba penisilini humtoa vipele mwili mzima na kumkata pumzi. Nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba nimesikia. Kisha nikaandika amoksilini, dawa ambayo ni ya jamii hiyo hiyo ya penisilini.

Muuguzi aliyekuwa kando yangu aliichukua karatasi, akaisoma, akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, si mama huyu amesema penisilini humdhuru?"

Jasho lilinitoka. Masikio yangu yalikuwa yamesikia, lakini mimi nilikuwa benki, nikipiga hesabu ya siku ambazo zimesalia kabla ya mwisho wa mwezi. Dawa ile ingeweza kumwua mama yule. Sikukosa elimu, wala sikukosa nia njema. Nilichokosa ni kuwapo. Tangu siku hiyo, mgonjwa akinitajia dawa inayomdhuru, huiandika papo hapo juu ya karatasi na kumrudia kwa sauti alichosema.

Dereva anayewaza ugomvi wa nyumbani, fundi wa umeme anayewaza kodi ya nyumba, mwalimu anayesahihisha mitihani huku akitazama simu, wote wako katika hatari niliyokuwa nayo mimi. Huenda tofauti ni kwamba hawana muuguzi wa kuwaokoa.

Kupanga si kuwa na wasiwasi

Najua kuna msomaji anayeuliza, "Daktari, unataka niache kuwaza karo ya watoto?" Hapana. Kuishi katika wakati uliopo si kutapanya mshahara kana kwamba hakuna kesho. Karo italipwa, kodi italipwa, na lazima vipangiwe.

Lakini kupanga na kuwa na wasiwasi ni vitu viwili. Kupanga kuna mwisho. Unaketi, unachukua kalamu, unaandika kiasi kinachohitajika, tarehe, na utakapokipata. Ukimaliza, unainuka ukiwa na hatua ya kuchukua. Wasiwasi hauna mwisho. Unazunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na jioni nyasi zote zimekanyagwa bila yeye kufika popote. Kipimo changu ni hiki: ikiwa umeliwaza jambo kwa nusu saa na huna hatua yoyote uliyoiandika, hukuwa ukipanga.

Tuna methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri ya kuwapatanisha waliokosana. Lakini kama daktari nakukumbusha kwamba hakuna mganga awezaye kumtibu mgonjwa wa mwezi ujao. Humtibu aliyeketi kwenye kiti mbele yake.

Hatua za kuchukua

Mazoezi ya kutuliza akili kwenye wakati uliopo yana asili ya karne nyingi katika mafundisho ya dini ya Budha. Yaliingia hospitalini hasa kupitia Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Mwislamu hufundishwa kuhudhurisha moyo katika swala. Mshonaji anayetunga uzi kwenye tundu la sindano hulijua. Haya ndiyo ninayowashauri wagonjwa wangu:

1. Pumua kwa makusudi. Kabla ya kuanza kazi, keti wima kwa dakika tatu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Kupumua hivyo huamsha neva zinazoupunguza mwendo wa moyo. Mawazo yatakuja, wala usigombane nayo. Yaone, kisha rudi kwenye pumzi. Kule kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Ukikwama kwenye msongamano wa magari, fanya hivyo badala ya kulilaani gari lililo mbele. Lakini ikiwa wewe ndiye dereva, macho yabaki barabarani.

2. Fanya kazi moja kwa wakati mmoja. Chagua kazi iliyo muhimu zaidi, iweke simu ndani ya mtoto wa meza, na uifanye kazi hiyo peke yake kwa dakika 25. Kisha simama, nyoosha mwili, kunywa maji. Ukikatizwa na jambo la lazima, andika mahali ulipofika kabla ya kuinuka, ili akili isibaki nyuma ikikutafutia.

3. Wekea wasiwasi saa yake. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake walichapisha njia hii, na hadi leo hutumiwa na wanasaikolojia. Tenga nusu saa kila siku, mahali pamoja na wakati ule ule, lakini si kitandani. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi, uandike neno moja kwenye daftari na kuuambia ungoje hadi saa kumi na moja jioni. Saa ikifika, keti uuwaze kikamilifu na kuutafutia hatua. Utagundua kwamba mambo mengi uliyoyaandika asubuhi yameshapoteza makali.

4. Andika ya kesho kabla ya kulala. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 na Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, vijana 57 walitakiwa kuandika kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika kazi zilizowangoja walipata usingizi takriban dakika tisa mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Karatasi ikishika kazi za kesho, kichwa hakina haja ya kuzishika usiku kucha.

5. Ifunge siku ya kazi. Chagua alama moja ya njiani, iwe daraja, mzunguko wa barabara au kituo unachoshukia. Ukiifikia, ya ofisini yaachie hapo. Ukifika nyumbani, mpe mkeo, mumeo au mtoto wako dakika kumi za kwanza, bila simu na bila televisheni.

6. Chukua likizo yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12 ya kazi, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hiyo si hisani ya mwajiri.

Wakati pumzi pekee haitoshi

Ningekudanganya nikikuambia kwamba kila tatizo la kazini limo kichwani mwako. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa ipasavyo. Ikiwa unafanya kazi ya watu watatu, hulipwi kwa wakati, au unatusiwa mbele ya wenzako, kuvuta pumzi hakutabadilisha hayo. Zungumza na msimamizi, chama cha wafanyakazi, au afisa wa leba. Pumzi itakusaidia tu kuzungumza bila kutetemeka.

Vilevile, mwone daktari ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hupendezwi tena na mambo uliyoyapenda, huli, hulali, au unahisi maisha hayana maana. Huo huenda ni ugonjwa wa unyogovu, nao unatibika. Ukipata mawazo ya kujitoa uhai, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo, na uende hospitali. Wale waliopatwa na mambo ya kutisha huweza kusumbuliwa zaidi na kumbukumbu wakiketi kimya peke yao, hivyo ni bora waanze mazoezi haya wakiwa na mshauri.

Tena, maumivu ya kifua yanayoenea kwenye mkono, shingo au taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, si ya kungojea Jumatatu. Nenda hospitali mara moja.

Na yule karani? Nilimpa dawa ya shinikizo, naye akaanza na daftari la wasiwasi. Mwezi wa kwanza aliniambia linamchosha. Mwezi wa tatu shinikizo lilikuwa 134 kwa 84. Hadi leo anameza dawa yake, na msimamizi wake ni yule yule. Hata hivyo, makosa yamepungua, kwani sasa anapoandika tarakimu huitaja kimoyomoyo. Na Jumapili jioni huketi sakafuni na watoto wake, wakang'arisha viatu pamoja. Anasema kifua hakimbani tena saa hiyo, kwa kuwa ana kazi ya kufanya.

Basi kesho asubuhi, msomaji, utakapoufunga mlango, shika kufuli, lisikie likilia, ujiambie kwa sauti: nimeufunga. Ni sekunde tatu tu. Ukiweza kuwapo kwa sekunde hizo tatu, umeanza.